Gari la Baba Mkwe na Kifungu cha Mbio

Jumatatu, 8 Septemba

Sikulala vizuri. Sababu ni kikombe.

Jana tulikuwa kwa wakwe, chakula cha mchana cha Jumapili kama kawaida. Mimi na mke wangu tuliwahi, tukakaa, tukasubiri. Halafu akaingia mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Kila mtu humwita Gia. Wiki nzima anauza matairi, na siku za mapumziko anashindana kwenye mbio za magari. Juzi kashinda mbio za kupanda kilima, na zawadi yake kaja nayo mezani. Kikombe! Kikubwa, kinang'aa, kina masikio mawili.

Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Akakizungusha. Akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, ingawa kilikuwa safi. Kisha akatafuta pa kukiweka, na rafu ya sebuleni ilikuwa imejaa. Akaitoa picha yangu, ile niliyopigwa siku niliyopewa cheti cha mfanyakazi bora, akaisukuma nyuma ya chombo cha maua. Nilipokaa tena nikaangalia vizuri. Linaonekana sikio langu moja tu. Kikombe kimepewa nafasi ya masikio yote mawili.

Nilijikaza. Nilimwambia Gia hongera, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuitambua.

Baada ya chakula baba mkwe akakohoa. Akasema macho yake yameanza kumtupa mkono, daktari amemkataza kuendesha, na hawezi kuliacha gari lake liozee bandani. Mtoto wa kiume hana. Wakwe anao wawili. Jumapili ijayo atasema gari linakwenda kwa nani, na litakwenda kwa mtu wa kulitunza.

Lile gari! Jeusi. La zamani, lakini ukiwasha injini husikii kitu. Viti vya ngozi. Mzee hulifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini na halijawahi kulala nje. Nimelitamani tangu siku niliyokwenda kuposa, nilipolipita bandani nikasahau salamu nilizofundishwa. Mke wangu ana kigari chake cha kupelekea wateja mapazia anayoshona. Mimi naenda kazini kwa miguu, jua langu, mvua yangu.

Wote walimtazama Gia. Hata paka. Mimi nikatazama sahani.

Naandika hapa ili ijulikane: si wivu. Mtu anayekimbiza magari kwa starehe hafai kupewa gari la mzee. Ni suala la usalama tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata!

Kazi yangu ni kuandika hati za bima za magari. Yale maneno madogo madogo ambayo watu hawayasomi, kuna mtu huketi akayaandika. Ndiye mimi. Meza yangu iko karibu na mlango wa choo, na mbele yangu anakaa dada mmoja tunayemwita Bi Madai, kwa sababu madai yote ya ajali hupitia kwake. Mimi naandika vifungu, yeye anavitumia kuwakatalia watu. Tunapatana sana.

Sasa, kila hati ya bima ya gari ina kifungu cha mbio. Kinasema hivi: kampuni haitalipa kitu ikiwa gari limepata ajali likiwa kwenye mbio, kwenye mashindano ya mwendo, kwenye majaribio ya kasi, au kwenye mazoezi ya hayo yote. Haki kabisa. Bima ni ya mtu anayeomba ajali isimpate, na mkimbiaji anaifuata mwenyewe tena kwa shangwe. Anayetaka kukimbia akakate bima ya mbio, ambayo ni kitu kingine na ina bei yake.

Na bima ya gari la baba mkwe inakwisha wiki hii. Nani humshughulikia kila mwaka? Mimi!

Mpango ni huu. Nakikaza kifungu. Halafu Gia anapewa gari hata kwa siku moja. Gia hawezi kushika usukani bila kushindana na mtu, ni ugonjwa wake. Atavunja kifungu, mimi nitakuwa na ushahidi, na mzee ataona kwa macho yake, hayo yaliyobaki, kwamba mkwe wake kipenzi anaweza kumwacha bila gari na bila fidia. Jumapili jina litakalotajwa litakuwa langu.

Nikaanza kuandika. Niliandika mbio za namna yoyote, iwe barabarani, uwanjani au ndani ya ua wa nyumba. Nikaona Gia atasema hapakuwa na zawadi. Nikaongeza: kwa zawadi au bila zawadi. Nikaona atasema yule mwingine hakuwa akishindana naye. Hapo nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nikaandika: hata kama anayeshindaniwa hana habari kwamba anashindaniwa. Na dereva atakayekivunja atalipa matengenezo yote kutoka mfukoni mwake.

Nilipiga makofi. Bi Madai akauliza kulikoni. Nikamwambia kazi imenoga.

Meneja wetu ni mama mmoja asiyecheka ofisini. Alikisoma kile kifungu mara mbili. Akauliza kama mteja ni mkimbiaji. Nikasema hapana, ni mzee asiyeona vizuri, ila amezungukwa na watu hatari. Akanitazama kidogo. Akasema ni kikali, lakini kimeziba kila mwanya, akasaini.

Nimetembea kurudi nyumbani na wala sikuona umbali.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepeleka hati kwa baba mkwe. Nilimsomea mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya taratibu ili iingie. Alisinzia mapema. Nilipofika kwenye mbio nikapaza sauti, akashtuka, akauliza kama moto bado umo kwenye bima. Nikamhakikishia moto umo. Akasaini nilipomwonyesha.

Mama mkwe alikuwa pembeni akikunja nguo. Akaniuliza kama kukimbiza gari ni kosa. Nilimweleza kwa upole kwamba si kosa, ila mkataba haujui mkwe mpendwa wala mkwe asiyependwa, ukivunja umevunja. Akasema Gia hukimbia na gari lake la mbio, uwanjani, kofia ngumu kichwani na gari la wagonjwa liko tayari. Nikamwambia, mama, mazoea hayana uwanja. Akakunja shuka.

Nikatoa pendekezo langu, kama limenijia palepale. Kwa nini baba asitupime? Kila mkwe akae na gari siku moja, alirudishe jioni, aone nani analijali. Mzee akalipenda wazo. Akasema mwanangu, una busara. Una busara! Nilitaka mke wangu awe karibu asikie, lakini alikuwa jikoni na mdogo wake wakicheka kitu. Gia atachukua kesho, mimi Ijumaa.

Nilipokuwa natoka niliisogeza picha yangu mbele kidogo kwenye rafu. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi picha ilikuwa nyuma ya maua tena. Katika nyumba ile kuna mtu ananifanyia kazi ya chinichini.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya mkosi. Nimeoga mara mbili na bado nina tope sikioni.

Asubuhi nilimpigia meneja nikasema tumbo linanisokota. Nikakodi teksi, nikajikunyata kiti cha nyuma, tukajibanza karibu na nyumba ya wakwe. Gia akatoka na gari. Nikamwambia dereva amfuate, asimpoteze.

Haikuwa kazi! Gia aliendesha kama anapeleka keki ya harusi. Alisimama kwenye kila kivuko. Aliwapisha wanafunzi, halafu mwalimu wao, halafu mbwa. Aliingia kituo cha mafuta akajaza, akapima upepo wa matairi, akafuta vioo. Dereva wa teksi akaniuliza kama huyu tunayemfuata ni mgonjwa. Nikamwambia aendelee tu, ni mjanja, anajifanya.

Mwishowe akakata kona kuelekea uwanja wa mbio. Niliteremka langoni kama niliyeitwa. Karani wa langoni akanisimamisha, akaniwekea karatasi na kalamu, akasema kila anayeingia anasaini, mkimbiaji na mtazamaji. Nikasaini huku nikikimbia. Nani anasoma karatasi ya langoni?

Ndani nikaliona gari la mzee. Limeegeshwa kivulini. Limefunikwa turubai. Gia alikuwa ameshavaa kofia ngumu, anaingia kwenye gari lake la mbio, lile la rangi ya chungwa. Akaanza mazoezi. Mimi nimebaki na simu mkononi napiga picha ya turubai.

Sikukata tamaa. Nikasogea kwenye uzio. Nikasema angalau nimpate akiendesha kwa fujo, nimwonyeshe mzee tabia yake. Nikatafuta mahali pazuri, penye kona, nikanyosha mkono juu ya uzio. Gia akapita. Kokoto zikaruka, na tope nyuma yake. Kokoto moja ikaichukua simu, tope likanichukua mimi.

Nilirudi kwa karani nikiwa nimefura. Nilimwambia nataka kuonana na mkubwa wao, nataka fidia ya simu, ya shati na ya fedheha. Yeye akavuta ile karatasi yangu, akaigeuza, akanisomea. Mtazamaji anakubali kwamba mbio ni jambo la hatari, kwamba mawe na tope huruka, kwamba hatasogelea uzio, na lolote litakalompata hatamdai mtu. Chini sahihi yangu. Nzuri tu, na ule mkia wake.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu.

Halikuishia hapo. Nikamuuliza, basi huyu wa gari la chungwa, yeye ana bima kweli? Nilitumaini. Karani akasema hakuna anayewasha injini pale bila bima ya mbio, na Gia anayo siku nyingi. Akanitajia kampuni. Kampuni yetu! Akasema tena walimpa mwavuli mwaka jana, kwa kuwa mteja mzuri. Nikaugeukia ule mwavuli, ulikuwa umesimama ukutani, mkubwa, jina la ofisi yetu limeandikwa kote. Mimi niliyekaa mlangoni mwa choo miaka yote hii, sijapewa hata kalamu.

Nimerudi kwa miguu, maana dereva wa teksi alishachoka kunisubiri. Mke wangu ameniuliza tumbo linaendeleaje. Nimemwambia linauma kweli sasa.

Ijumaa, 12 Septemba, asubuhi

Zamu yangu. Gari liko hapa nje, namwona mwenye duka la jirani akilitazama. Halina hata doa. Gia kalirudisha jana likiwa limeoshwa, tena tangi limejaa. Mama mkwe alinisimulia hilo wakati ananipa funguo, kama vile mimi sikuwa nyuma ya Gia siku nzima nikishuhudia.

Leo nitaendesha kwa utulivu mpaka watu wasimame waangalie. Nimevaa tai.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Naandika ili nielewe ilikuwaje.

Kutwa mambo yalikwenda vizuri. Niliegesha mbele ya ofisi, mahali pa meneja, kwa bahati mbaya. Wakati wa kuondoka nikamwambia Bi Madai apande, nimsogeze. Ukweli nilitaka anione. Akapanda, akapapasa kiti, akasema kaka, hili gari lina heshima yake. Nikamwambia ndiyo hivyo, lazima litafutiwe mtu mwenye heshima zake.

Tukafika kwenye taa za makutano, nyekundu. Likaja gari jingine likasimama ubavuni mwetu. Nikageuza shingo. Ni ile pikapu ya dukani kwa Gia, matairi yamejaa nyuma. Na Gia mwenyewe huyo, upande wangu, kioo kimeshushwa. Akaniona, akapunga mkono. Na nyuma ya bega lake, mama mkwe wangu.

Anacheka. Anacheka mpaka anafuta machozi. Miaka yote niliyooa katika ile nyumba, mimi sijawahi kumfanya acheke. Tabasamu nimepata, moja, siku nilipoteleza ngazini.

Nilijua wanakwenda nyumbani kwake. Nikaona picha nzima: Gia anafika, anashuka, anamfungulia mama lango, anamshika mkono, na mzee barazani anatazama. Siku yangu hiyo! Zamu yangu! Roho iliniuma. Nikasema huyu leo hafiki kabla yangu.

Taa ikawaka kijani. Nikakanyaga.

Bi Madai alisema kaka. Kisha akasema kaka, taratibu. Kisha akashika kila kinachoshikika na akaacha kusema. Nilipita lori la mchanga. Nilipita baiskeli, gari la maziwa na msafara wa watu wanaotoka kanisani. Kwenye kioo pikapu ilikuwa inazidi kuwa ndogo, na kadiri ilivyokuwa ndogo ndivyo nilivyojisikia vizuri. Nikaingia mtaa wa wakwe. Nikaliona lango. Nikakata kona.

Lango lilikuwa limefungwa nusu. Nusu iliyofungwa ndiyo niliyoichagua.

Mlio ulikuwa mkubwa. Nguzo ya lango ikainama, taa ya mbele ikapasuka, boneti ikakunjika, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Bi Madai mzima, mimi mzima. Na hapa ndipo sielewi. Mtu mwenye akili angeshuka akashika kichwa. Mimi nilishuka, nikaiona pikapu ndiyo kwanza inaingia mtaani, polepole, nikainua mikono yote miwili juu na nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Nimekushinda, Gia!"

Pikapu ikaja, ikasimama vizuri kando ya njia, na taa ya ishara ikiwaka. Mlango wa dereva ukafunguliwa. Akashuka mama mkwe.

Gia alishuka upande wa pili. Hakuwa ameshika usukani wowote. Nyuma ya pikapu kuna kibao cheupe cha mwanafunzi wa udereva, ambacho mimi, kwa kuwa nilikuwa mbele muda wote, sikupata nafasi ya kukiona.

Mama mkwe aliangalia lango. Aliangalia gari. Akaniangalia mimi, mikono yangu ikiwa bado juu.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa unashindana na mimi?"

Jumamosi, 13 Septemba

Nusu siku ya kazi. Kwangu imekuwa kutwa.

Nilifika mapema na dai langu limeandikwa vizuri. Niliandika kwamba breki zilisita. Bi Madai alilisoma, akalirudisha mezani kwangu. Akasema yeye hawezi kulishughulikia kwa sababu ni shahidi, goti lake lina alama ya dashibodi, na breki hazikusita kwa kuwa hazikuguswa. Akalipeleka kwa meneja pamoja na maelezo yake. Aliandika kila kitu, na yale maneno yangu ya langoni kayaweka kwenye mstari wake peke yake. Nilimuuliza kama tunapatana au hatupatani. Akasema tunapatana, ndiyo maana hakuandika kuhusu tai niliyokuwa naipepea dirishani.

Meneja akaniita. Hati ya baba mkwe iko wazi mbele yake.

Nilijitetea kama wakili. Nikasema zile hazikuwa mbio, kwa sababu mbio zinataka wawili, na mama mkwe hakuwa na habari. Akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma: hata kama anayeshindaniwa hana habari kwamba anashindaniwa. Nikasema hapakuwa na zawadi. Akasoma. Nikasema ajali yenyewe haikutokea barabarani, nilikuwa naingia uani. Akasogeza kidole juu kidogo, akasoma.

Kila mlango niliokimbilia niliukuta nimeupigilia misumari mwenyewe. Na nitaandika ukweli hapa, maana hii ni shajara yangu: pamoja na maumivu yote, nilijisikia fahari kidogo. Kile kifungu ni kizuri jamani. Akisoma mtu mwingine kwa sauti ndiyo unasikia kilivyo.

Meneja naye alikubali. Alisema dai limekataliwa, nitalipa matengenezo mwenyewe, nitakatwa kwenye mshahara kidogokidogo. Pia akanipa barua ya onyo, ya tumbo la Alhamisi. Kumbe Gia alipita ofisini kulipia bima yake ya mbio, akamwambia kwa wema tu kwamba aliniona uwanjani na alifurahi sana nimeanza kupenda mchezo.

Kwa wema tu! Yule mtu hana hata huruma ya kunichukia.

Jumapili, 14 Septemba

Tumetoka kwa wakwe sasa hivi. Mke wangu yuko chumba cha pili, cherehani inanguruma.

Nilikwenda nimejipanga. Niliazimia niombe radhi kwanza, kabla Gia hajapata nafasi ya kunisema. Sikuwahi. Tulipofika Gia alikuwa langoni anachanganya saruji, anainyosha nguzo niliyoipinda. Gari la mzee alishalivuta jana mwenyewe mpaka kwa fundi wake wa magari ya mbio, na kamwambia fundi alianze kesho. Aliponiona aliacha koleo. Aliniuliza shingo yangu ikoje, maana maumivu ya ajali huja baadaye. Nikamwambia shingo yangu ni nzima. Inaniuma sana.

Tukala. Kikombe kiko palepale. Picha yangu sikuitafuta.

Baba mkwe akakohoa. Akasema aliahidi kusema neno lake leo na atalisema. Gari likitoka kwa fundi litakuwa la mama. Amekuwa akijifunza na Gia miezi hii yote, kimyakimya, ili aweze kumpeleka mzee kwa daktari wa macho bila kumsumbua mtu. Wiki ijayo anafanya mtihani. Shemeji akapiga vigelegele. Mama mkwe akainamisha uso kwa haya, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu mambo si mabaya. Gia hakupata! Nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Nikasema, kwa sauti ya mtu mzima, kwamba uamuzi ni wa busara, na bila shaka Gia atavumilia.

Gia akacheka. Akasema yeye hana hata pa kuegesha.

Hapo mzee akanigeukia. Macho yake yalinitafuta kidogo mpaka yakanipata.

"Lilikuwa lako," akasema. "Gia alinifuata zamani, akaniambia baba, mpe kaka, anatembea kwa miguu na mvua inamnyeshea. Mama alisema yeye pikapu ya Gia itamtosha, ya kujifunzia na ya kunipeleka kwa daktari. Nilitaka tu nikutangazie mbele ya watu, ufurahi."

Mke wangu aliweka kijiko chini. Njiani kurudi nilimwambia kwamba mimi sikujua, kwamba mtu angeniambia mapema haya yote yasingetokea. Alikuwa anaendesha, macho mbele.

"Wiki nzima," akasema, "hukuniuliza hata mara moja wao wanafikiria nini. Mimi nilikuwa najua."

Nimekaa hapa nikilitafakari neno hilo kwa muda mrefu. Limenichoma, siwezi kuficha. Nimejiona nilivyo, mtu mzima na tai yake, mikono juu mbele ya lango la wakwe.

Na kadiri ninavyotafakari ndivyo ninavyozidi kuuona ujanja wa Gia. Aliniombea gari! Mbele ya mzee! Mtu wa kawaida hawezi kufanya hivyo bila hesabu zake. Amenipiga kikumbo kwa wema, nami sikuona hata vumbi. Sasa yeye ndiye mkwe aliyeniombea, aliyevuta gari, aliyejenga nguzo, na juu ya yote ndiye mwalimu wa mama. Mtihani wiki ijayo. Akifaulu, sifa zote kwa nani?

Hapana. Mama anahitaji mwalimu mwingine, mtulivu, anayejua sheria na mikataba. Gia humfuata kila Jumatatu kabla ya kufungua duka. Nikitoka kabla yake, nikakata kwa njia ya nyuma ya soko, na nisipokutana na malori, nitafika langoni kwanza. Itabidi nikanyage kidogo.

Mke wangu ana mapazia ya kupeleka kesho asubuhi kwa mteja mkubwa. Atasubiri. Funguo za kigari chake nimeshazitia mfukoni.